Mbuzi wa Shukrani

Mastura aliamua jambo la shukrani siku ya Jumatatu, akalipangia siku nne, kwa sababu Ijumaa ilikuwa mahafali ya darasa la awali na yeye hakuwa mtu wa kufika kwenye shughuli mikono mitupu. Alikuwa afisa mifugo wa kata, mwenye stashahada, pikipiki ya serikali na ulimi ambao watu wa Nakimbwe walikuwa wameuzoea kama walivyozoea sindano zake: unachoma, halafu basi.

Sababu ya shukrani ilikuwa Kibwana, mwanawe. Mtoto huyo alitimiza miaka mitano akiwa na maneno manne tu, na matatu kati ya hayo aliyasema kwa bibi yake peke yake. Alipelekwa hospitali ya wilaya, masikio yakapimwa, yakaonekana mazima. Bibi yake, Bi Mwanahija, alisema ni kwa sababu akika yake haikuchinjwa. Mastura alisema ni kwa sababu nyumbani kila mtu anamsemea. Suleiman, baba wa mtoto, aliyekuwa Kilwa Masoko kwenye biashara ya samaki wakavu na kurudi nyumbani kila mwisho wa mwezi, alisema mtoto atasema akiwa na la kusema. Januari wakamwingiza darasa la awali la shule ya kijiji. Sasa ilikuwa Novemba, na Kibwana alikuwa anaongea mpaka inabidi aambiwe anyamaze ale.

Hiyo ilikuwa kazi ya Mwalimu Brigita. Mastura hakuwa na shaka na hilo. Mwalimu Brigita alikuwa Mmwera wa upande wa Nyangao, mwanamke mwembamba wa makamo ambaye hakupandisha sauti hata akiwa na watoto sabini na mmoja mbele yake. Mastura hakujua alimfanya nini Kibwana, na hakuwahi kwenda kuuliza. Kazi yake ilikuwa ya kuzunguka vijijini, na aliporudi jioni shule ilikuwa imefungwa. Alichojua ni kwamba kuna mtu amemfanyia jambo kubwa, na yeye hajasema ahsante.

Jumatatu hiyo jioni alimkuta mama mkwe wake uani anapeta mchele.

"Mama, nataka kupeleka shukrani ya Kibwana shuleni."

"Ubwabwa," alisema Bi Mwanahija bila kuinua kichwa. "Na nyama. Watoto wakae, wale, washibe, wamwombee dua."

"Watashiba siku moja tu."

"Wewe ulitaka washibe siku ngapi?"

"Nataka kitu kitakachobaki darasani."

"Basi peleka ubwabwa mwingi," alisema Bi Mwanahija, akaendelea kupeta.

Mastura alikuwa na daftari la kazini ambalo nusu yake ya mbele ilikuwa ya chanjo na nusu ya nyuma ya mambo ya nyumbani. Huko nyuma aliandika viti, mikeka, chati. Kisha akavipitia kimoja kimoja kama anavyopitia mifugo mnadani. Viti vya plastiki alivifuta kwanza. Ofisi ya kata ililetewa viti ishirini mwaka juzi. Sasa vilivyosimama vyenyewe vilikuwa vitatu, na kizuri kuliko vyote kilikuwa nyumbani kwa mwenyekiti. Chati alizifuta za pili. Zilizokuwa zinauzwa Lindi mjini zilikuwa na picha za treni na za watoto wanaocheza kwenye barafu, na alijua mtoto wa Nakimbwe ataziangalia siku mbili kisha atazigeuza kofia. Mikeka ilimpa taabu kidogo, maana watoto walikaa juu ya saruji. Lakini darasa hilo lilikuwa zamani stoo ya korosho, mlango wake ulikwishang'oka miaka mingi, na mkeka mzuri katika jengo lisilo na mlango haukai wiki. Akaifuta mikeka, akageuza ukurasa.

Ndipo alipomkumbuka mbuzi wake.

Alikuwa na jike mmoja chotara wa maziwa, mwenye masikio marefu yaliyoning'inia, aliyepewa akiwa mdogo na mfugaji mmoja wa njia ya Njinjo kwa kumwokolea ng'ombe aliyekwama kuzaa. Huyo alimfuga peke yake nyuma ya jiko, mbali na mbuzi wa Bi Mwanahija, na sasa alikuwa amezaa mara moja na kulishwa vizuri. Watoto wa awali walikunywa uji mweupe wa mahindi kila siku saa nne. Mbuzi huyo angewatilia maziwa. Angezaa tena, na tena. Mlinzi wa shule angemlisha, majani yapo, maji yapo. Kadiri Mastura alivyozidi kufikiri ndivyo alivyozidi kuona haijapata kutolewa zawadi yenye akili kama hiyo katika shule ile.

"Nampeleka Masikio," alimwambia mama mkwe wake asubuhi ya pili.

Bi Mwanahija aliacha kuchochea moto. "Mbuzi? Unampeleka zizini?"

"Ndiyo."

Bi Mwanahija alicheka mpaka akakohoa. "Basi huyo atajiona kafika kwao."

Mastura naye alitabasamu. Nakimbwe nzima iliita darasa la awali zizini. Mama akimtuma mtoto alimwambia kamwite mdogo wako zizini. Waendesha bodaboda walisema nishushe hapo zizini. Mastura mwenyewe alisema hivyo, kama mtu anavyosema kisimani au mnadani, na alidhani ni jina la kuwapenda watoto, kwa vile walivyokuwa wengi na wadogo na wenye kelele. Hakuwahi kujiuliza lilitoka wapi.

*

Jumatano saa nne kasoro alimfunga Masikio ndani ya tenga nyuma ya pikipiki, akamkaza kwa mpira wa mizigo, akaenda naye shuleni polepole. Kwenye kona ya mashine ya kusaga alimsikia mtu anauliza kama kuna harusi. Alipunga mkono akapita.

Alipozima pikipiki mbele ya darasa, watoto walikuwa wanahesabu kwa visoda. Masikio akalia mara moja, kwa sauti ndefu ya mbuzi aliyechoka na safari. Visoda vikasimama. Vichwa sabini na kitu vikajaa kwenye uwazi wa mlango, na mtoto mmoja akasema kwa furaha kabisa, "Mwalimu, mbuzi kaja zizini." Wengine wakalidaka, wakaligeuza wimbo. Mbuzi kaja zizini, mbuzi kaja zizini. Walikuwa na mdundo mzuri.

Kibwana hakuimba. Alikuwa anamwangalia Masikio akishushwa kwenye tenga.

Mwalimu Brigita alitoka nje. Alimtazama mbuzi, akaitazama karatasi nyekundu ambayo Mastura alikuwa ameifunga shingoni mwa mbuzi kwa ajili ya kupendeza, kisha akawaambia watoto warudi kukaa. Walirudi. Hakuwa amepandisha sauti.

"Habari za kazi, Mwalimu," alisema Mastura. "Nimekuja na shukrani ya mwanangu. Nilitaka ije Ijumaa, nikaona mbuzi hawezi kukaa kwenye sherehe, ataharibu mapambo. Huyu ni wa maziwa, ni wa uji wa watoto. Nimeshamwandikia hati ya afya."

"Mama Kibwana, naomba umrudishe."

"Hana ugonjwa. Nimekwambia nimempima."

"Sijasema mgonjwa. Nasema umrudishe." Mwalimu Brigita alikuwa ameshika kipande cha chaki, na chaki ilikuwa inavunjikavunjika mkononi. "Nimevumilia tangu Februari. Jina nimelivumilia, watoto kuniimbia nimevumilia, wanangu wenyewe kuulizwa njiani mama yenu bado anafuga nimevumilia. Lakini kuniletea mbuzi mzima mlangoni, amevishwa na karatasi, hilo hapana."

Mastura hakuelewa, na kila asipoelewa aliuliza moja kwa moja. "Februari kulikuwa na nini?"

Mwalimu alimwangalia kuona kama anatania. "Kikao cha wazazi. Ulisimama ukasema, mimi nimesomea mifugo, zizi nikiliona nalijua. Hili ni zizi, na mwalimu huyu anafuga, hafundishi. Watu wakacheka mpaka mwenyekiti akagonga meza. Kuanzia siku ile darasa langu ni zizi."

Mastura alisimama akiwa ameshika kamba ya mbuzi. Alikikumbuka kikao. Alikuwa ametoka kuchanja ng'ombe wa Wasukuma tangu alfajiri, akaingia na viatu vya mpira, akaona chini ya meza ya mwalimu kinyesi cha mbuzi kibichi, akasema alichokiona. Alikumbuka pia kwamba watu walicheka. Halafu akaondoka kwenda kwenye kazi nyingine, na ile siku ikaisha kwake. Kwamba lile neno lilibaki pale, likakua, likapewa miguu likazunguka kijiji kizima, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa analitumia miezi tisa bila kulitambua, hilo lilikuwa jipya.

"Ni mimi," alisema.

"Ni wewe."

"Kinyesi kilikuwepo, lakini."

"Kilikuwepo. Mbuzi wanalala humu. Jengo halina mlango, saruji ni kavu, bati halivuji. Kila siku nafika saa kumi na mbili na nusu nafagia, namwaga maji, nakausha, ndipo watoto wanaingia. Siku ya kikao niliambiwa nipange viti vya wageni kwanza. Ndiyo siku pekee ambayo sikuwa nimefagia, na ndiyo siku pekee uliyokuja."

"Kwa nini hukusimama ukasema?"

"Nani angenisikiliza? Mimi mwalimu wa watoto wa miaka mitano. Wewe una cheti cha mifugo, umeshasema ni zizi."

Mastura akaona kuna mahali pa kushika. Alitoa daftari mfukoni, akafungua nusu ya mbele. "Mifugo kuzurura usiku ni kosa, sheria ndogo ya kijiji inasema. Niambie mbuzi ni wa nani. Leo hii namwandikia barua."

Mwalimu Brigita aliingia darasani. Alirudi na boksi la chaki. Chini ya vipande vya chaki mlikuwa na hereni ya plastiki ya njano, ile inayopachikwa kwenye sikio la mnyama, yenye namba. Pembeni ilikuwa na doa kavu la damu.

"Niliiokota hapo kwenye kona mwezi wa tatu," alisema.

Mastura hakuhitaji rejista. Namba hizo alizipachika kwa mkono wake. Mwaka uliopita, watu wa Nakimbwe walipogoma kuwavisha mbuzi wao hereni, alianza na mbuzi sita wa Bi Mwanahija ili wengine waone mfano. Mwezi wa tatu mmoja wao, Kidevu, alirudi nyumbani sikio limechanika, na Mastura akalitia dawa huku akimlaumu mbwa wa jirani.

"Ulijuaje ni wa kwetu? Mtu akiokota hereni hawezi kujua namba ya nani."

"Sikujua kwa hereni. Kibwana aliniambia."

"Kibwana mwezi wa tatu alikuwa hasemi."

"Kwako," alisema Mwalimu Brigita. Kisha, kwa kuwa watoto walikuwa wametulia na visoda vyao, akaeleza.

Wiki ya pili ya Januari Kibwana aliletwa na bibi yake mapema kuliko wengine, kwa sababu bibi alikuwa anawahi shamba. Mwalimu alikuwa anawaswaga mbuzi nje. Mtoto ambaye hakuwa ametoa sauti tangu aanze shule alisimama kwenye uwazi wa mlango, na kila mbuzi alipompita alimtaja. Kidevu. Bi Harusi. Mapengo. Chepe. Mwalimu akasimama na ufagio wake. Akamuuliza, na huyu? Mjomba, akasema Kibwana. Na huyu? Huyu hana jina, mdogo. Kesho yake mwalimu akamwambia Bi Mwanahija awe anamleta mapema hivyo kila siku. Wakawa wanaita mahudhurio ya mbuzi kwanza. Nani yupo, nani hayupo, nani amelala wapi, kwa nini Mapengo anakohoa. Mwezi mmoja na nusu wakaenda hivyo, wao wawili na mbuzi sita. Siku moja mwalimu alipokuwa anaita mahudhurio ya watoto, akafika kwenye jina la Imani, msichana anayekaa karibu na Kibwana, na Imani alikuwa amesinzia. Kibwana akasema, "Imani yupo, amelala kama Chepe." Darasa lote likacheka, na hata yeye akacheka. Baada ya hapo hakunyamaza tena.

Mastura alisikiliza mpaka mwisho. Masikio alikuwa ameshaanza kula ua la shule.

"Kwa hiyo ulijua ni mbuzi wetu tangu Januari," alisema. "Februari nikasimama nikakutukana kwa kinyesi cha mbuzi wangu mwenyewe, na wewe unajua, ukanyamaza."

"Ningesema, ungewafungia siku hiyohiyo."

"Ningewafungia."

"Sasa mtoto ningemfundisha na nini?"

Upepo ulipita darasani, ukaingia mlangoni ukatokea dirishani. Mastura akaona kwa mara ya kwanza kwamba kwenye fremu ya mlango bado kulikuwa na bawaba moja, imeota kutu.

"Sasa hivi anaongea na watu," alisema Mwalimu Brigita. "Mbuzi hahitajiki tena. Ungeniuliza darasa linataka nini ningekwambia mlango. Hakuna aliyewahi kuniuliza."

"Ijumaa utakuwa na mlango."

"Mlango nitaupokea, ni wa watoto. Lakini lile jina, Mama Kibwana, mlango hauliondoi. Nimeshamwandikia mwalimu mkuu, mwakani anipe darasa la nne. Siwezi kukaa mwaka mwingine naitwa mfugaji."

Alirudi ndani. Mastura alimpandisha Masikio kwenye tenga. Kibwana alikuja mbio mpaka kwenye pikipiki.

"Mama, Masikio haanzi shule?"

"Haanzi."

"Ni mkubwa sana?"

"Ndiyo. Rudi darasani."

*

Boniface, fundi seremala, alikuwa na kibanda chake njia ya kwenda Njinjo. Alikuwa Mngoni wa Songea, ameoa Nakimbwe, na kwa hiyo alikuwa mtani wa kijiji kizima na hakuna aliyekuwa salama mbele yake.

"Mmatumbi amekuja na mahari," alisema alipomwona Mastura na mbuzi. "Lakini mimi nimeshaoa, labda nikuulizie kaka yangu."

"Kaka yako akioga nitafikiria. Nataka mlango wa darasa la awali. Mpana, imara, bawaba tatu na komeo. Ufungwe Ijumaa asubuhi kabla ya saa tatu."

"Ijumaa ya lini?"

"Ya keshokutwa."

"Babu zenu tulipowateka walikuwa hawaagizi kazi hivi. Walikuwa wanaomba."

"Mlikuja kututeka mkaishia kutuchongea vitanda. Una mbao au huna?"

Alikuwa nazo, za mninga, zilizokuwa za mlango wa mtu ambaye hakurudi kuzichukua. Mastura akamwonyesha Masikio. Boniface akamzunguka mbuzi mara mbili, akamfungua mdomo, akamshika kiwele, akafanya kama haoni kitu cha maana.

"Mlango kwa mbuzi," alisema Mastura. "Anatoa lita moja na nusu, na hapo hajazaa mara ya pili. Hati ya afya hii hapa. Ukimchinja nitajua."

"Wewe ndiye ulisema lile darasa ni zizi," alisema Boniface, sasa akimpapasa mbuzi masikio. "Sasa unalitia mlango ili mifugo isitoke?"

Siku nyingine Mastura angempa jibu kabla hajafunga mdomo. Siku hiyo aliuliza swali.

"Wewe pia unakumbuka kwamba ni mimi?"

"Nani asiyekumbuka? Nilikuwepo. Nilicheka mpaka nikashika mbavu." Boniface aliacha utani kidogo. "Ilikuwa vibaya, lakini. Yule mama alikuwa anaangalia chini muda wote."

Wakakubaliana. Mastura aliliacha tenga palepale na kurudi nyumbani pikipiki ikiwa nyepesi.

Usiku haukuwa umeingia bado alipomkuta Bi Mwanahija anatawadha. Alingoja amalize. "Mama, mbuzi wako wanalala wapi?"

"Wanalala."

"Nimeuliza wapi."

"Wanajua wenyewe pasipovuja," alisema Bi Mwanahija. "Nimemwambia Suleiman mara ngapi ajenge banda? Na wewe unayewajengesha watu kata nzima, banda la juu, la mbao, sijui futi ngapi kutoka chini, hapa kwako umejenga nini?"

Mastura aliutupia ua macho. Alikuwa na picha ya banda hilo katika kila kitabu chake, na alikuwa ameichora ardhini kwa kijiti mbele ya wafugaji wasiopungua mia mbili. Uani kwao kulikuwa na kigingi kimoja na kamba.

*

Ijumaa mlango ulikuwepo. Boniface aliufunga saa mbili, akaupaka mafuta, akaufungua na kuufunga mara nyingi kuliko ilivyohitajika kwa sababu watoto walikuwa wanaangalia. Mbuzi watano walikuwa wamesimama karibu na mwembe wa ofisi, wametolewa nje na ufagio kwa mara ya mwisho.

Wazazi walijaa. Watoto waliimba, wakahesabu mpaka hamsini, wakataja siku za juma. Kibwana alitaja miezi, akaruka Septemba, akairudia mwenyewe. Bi Mwanahija alifuta macho kwa ncha ya kanga na kusema ni vumbi. Kisha Mzee Nassibu, mwenyekiti wa kamati ya shule, akasimama akasema mzazi mmoja ameleta zawadi ya mlango, na kabla ya dua tumkaribishe atukabidhi.

Mastura alikuwa amepitisha siku mbili akitafuta namna fupi ya kusema. Alizoea kusema mbele ya watu. Kilichokuwa kigeni ni kujisema mwenyewe. Mwalimu Brigita alikuwa amekaa pembeni ya ubao, mikono mapajani, anaangalia watoto.

"Mlango ndio huu, mmeuona," alianza. "Sasa nasema jambo la pili. Februari nilisimama hapahapa nikasema darasa hili ni zizi na mwalimu anafuga. Wengi wenu mlicheka."

Wengine wakaanza kucheka tena, kwa kukumbuka. Mwalimu Brigita aliinamisha kichwa.

"Ngojeni, bado hamjafika pa kucheka. Kinyesi nilichokiona siku ile kilikuwa cha mbuzi wa nyumbani kwangu." Alitoa mfukoni ile hereni ya njano aliyopewa na mwalimu, akaiinua juu. "Namba hii ni ya Kidevu, wa mama mkwe wangu. Nilimvisha mwenyewe. Mbuzi wetu sita wamelala humu tangu mwaka jana, kwa sababu mimi afisa mifugo sina banda. Mwalimu amefagia kila siku alfajiri, na mwanangu amemfundisha kusema. Mimi sikufika hata mara moja kuuliza. Nilichosema kilikuwa uongo, na nilikisema kwa jeuri ya kusoma. Namtaka radhi mwalimu mbele yenu, maana nilimvunjia heshima mbele yenu."

Hakuna aliyecheka. Mahali fulani nyuma Boniface alikohoa.

"Na lile jina," aliendelea Mastura, "lisiachwe hapa. Zizi lipo kwangu, tena ni zizi baya, halina ukuta wala paa. Mkitaka kusema zizini, semeni mkielekea kwangu. Nimemaliza."

Akakaa. Mzee Nassibu alisimama, akafikiri, akaona hakuna la kuongeza, akamwomba shehe alete dua. Watu walipokuwa wameinua mikono, Bi Mwanahija alimnong'oneza mkwewe bila kumgeukia, "Ulikuwa na haja ya kumtaja Kidevu?"

Baada ya dua watu walikula ubwabwa. Bi Mwanahija alikuwa ameupika kimyakimya tangu alfajiri, na nyama ya yule mbuzi wake wa sita, na ulitosha watoto wote na wakubwa wengi. Mwalimu Brigita alikuja na sahani mkononi mpaka alipokuwa Mastura. Alisema mlango ni mzuri. Mastura alisema mbao ni mninga. Mwalimu alisema ameona. Wakala pamoja, wakizungumza habari za mvua.

*

Banda la Mastura lilikamilika mwishoni mwa Januari, la mbao, limeinuliwa, kama la kwenye kitabu. Suleiman alilijenga kwa safari mbili za kutoka Masoko, akilalamika. Wiki za kwanza mbuzi walikataa kulipanda. Jioni walikwenda moja kwa moja shuleni, wakasimama mbele ya mlango wa mninga, wakausukuma kwa pembe, kisha wakageuka wakiwa na sura ya wageni waliofungiwa. Kibwana, ambaye sasa alikuwa darasa la kwanza, alitumwa kuwafuata, na aliwarudisha akiwataja mmoja mmoja.

Jina halikuondoka Nakimbwe, ila lilihama. Kwanza waendesha bodaboda, kisha watoto, kisha kila mtu. Nishushe hapo zizini kwa Mama Kibwana. Mastura alilisikia kila siku, na lilikuwa linamchoma, na hakulalamika. Barua ya Mwalimu Brigita ya kuomba darasa la nne ilirudi mikononi mwake, kwa ombi lake au kwa kukosekana mtu mwingine, hakuna aliyemuuliza. Alibaki awali. Alianza kufika saa moja badala ya saa kumi na mbili na nusu.

Jioni moja Mastura alikuwa anafagia chini ya banda, ameinama, viatu vya mpira miguuni, Mwalimu Brigita alipopita njiani na mkoba wake. Alisimama kwenye ua. Alimtazama Mastura na ufagio wake, akalitazama banda, akamtazama Kidevu na sikio lake lililochanika.

"Habari za zizini, Mama Kibwana?" aliuliza, kwa ile sauti yake ndogo.

Mastura alinyooka, akauegemea ufagio.

"Nzuri, Mwalimu," alisema. "Za darasani?"

"Nzuri," alisema Mwalimu Brigita, akaendelea na njia.